Ngozi Inayoizunguka Stoma: Usafi Usigeuke Jeraha

Yako maradhi ambayo familia zetu huyazungumza barazani bila ya kuona haya: shinikizo la damu, kisukari, malaria. Na iko hali nyingine ambayo ikiingia nyumbani hufungiwa chumbani pamoja na mwenyewe, ikatajwa kwa minong'ono, na hata jirani wa ukuta mmoja asijue. Miongoni mwa hali hizo ni ile ya mtu aliyefanyiwa operesheni ya utumbo au ya njia ya mkojo, akatoka hospitalini akiwa na tundu tumboni linalopitisha choo au mkojo na kuumimina ndani ya mfuko. Madaktari huliita tundu hilo stoma, na jina hilo ndilo tutakalolitumia.

Wiki hii tumeonelea tuizungumzie hali hiyo kwa adabu inayostahiki, tukijifunga katika jambo moja: ngozi inayoizunguka stoma, namna inavyochubuka na kuwasha, na namna ya kuituliza. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wanaovumilia maumivu hayo miezi na miaka wakidhani ni sehemu ya mtihani waliopewa, ilhali mara nyingi yana chanzo kinachojulikana na tiba isiyo ngumu. Pili, katika nyumba za Kiislamu kuna chanzo kimoja ambacho hatuna budi kukitaja sisi wenyewe, nacho ni pupa ya kutaka twahara. Mtu akiubandua mfuko wake kila adhana na kuisugua ngozi kwa sabuni mara tano kwa siku, usafi wenyewe hugeuka jeraha.

STOMA NI NINI, NA NI NANI ANAYEWEKEWA

Stoma ni sehemu ya utumbo iliyotolewa nje kupitia ukuta wa tumbo na kushonewa kwenye ngozi. Ikiwa ni ya utumbo mpana huitwa kolostomia, na choo chake aghalabu huwa kizito kiasi. Ikiwa ni ya utumbo mwembamba huitwa ileostomia, na kinachotoka huwa majimaji. Ikiwa ni ya kupitishia mkojo huitwa urostomia.

Katika nchi zetu wanaowekewa stoma si wazee wenye saratani peke yao. Wamo vijana ambao utumbo wao umejisokota ukaziba, wagonjwa wa homa ya matumbo ambao utumbo umetoboka, na majeruhi wa ajali za barabarani. Wamo pia watoto wachanga waliozaliwa bila ya njia ya haja kubwa, na wengine waliozaliwa na utumbo usiosukuma choo kwa kukosa mishipa ya fahamu. Watoto hawa hufanyiwa operesheni katika hospitali kubwa kama vile Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Bugando jijini Mwanza. Kwa wengi wao stoma ni ya muda, nayo hufungwa baada ya operesheni nyingine. Kwa baadhi ya watu wazima ni ya maisha.

Stoma yenyewe ni nyekundu na ina unyevunyevu, mfano wa ndani ya mdomo. Haina mishipa ya kuhisi maumivu, hivyo ikiguswa haiumi, na ikifutwa inaweza kutoa damu kidogo kama inavyotoa fizi wakati wa kupiga mswaki. Hilo lisimtishe mtu. Anayehisi maumivu ni ngozi ya pembeni, na ndiyo tunayoizungumzia.

NGOZI NZIMA HAIUMI

Kanuni ya kwanza ambayo kila mwenye stoma na kila anayemuuguza anapaswa kuishika ni hii: ngozi inayoizunguka stoma inatakiwa ifanane na ngozi ya upande wa pili wa tumbo. Isiwashe, isichonyote, isitoe majimaji. Ikiwa kinyume na hivyo, kuna jambo linaloisumbua, na jambo hilo litafutwe.

Vitabu vingi vya tiba husema mtu atazame wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Mahali palipoungua huweza kuwa peusi zaidi kuliko pembeni, pakaelekea rangi ya zambarau, au pakawa peupe kwa kupoteza rangi. Kwa hiyo tusitegemee macho tu. Tuulize kama panawaka moto, tuguse kwa mgongo wa mkono tuone kama pana joto, na tutazame kama pana mng'ao wa majimaji. Kwa mtoto asiyeweza kusema, kilio kila anapobadilishwa mfuko ni ushahidi tosha.

CHANZO KIKUBWA: CHOO KUPENYA CHINI YA KIBANDIKO

Mfuko wa stoma hushikwa mwilini na kibandiko chenye gundi, na katikati ya kibandiko hicho hukatwa tundu la kupitishia stoma. Tundu likiwa kubwa kuliko stoma, duara la ngozi hubaki wazi, na kila kinachotoka hukaa juu yake mchana kutwa. Katika ileostomia madhara yake ni makubwa zaidi, kwa sababu majimaji ya utumbo mwembamba yana vimeng'enya vinavyoyeyusha chakula, navyo havitofautishi kati ya nyama iliyoliwa na ngozi ya mlaji. Katika muda wa saa chache tu ngozi huanza kuchubuka.

Jambo hili liliwatesa wagonjwa miaka mingi. Mwaka 1952 daktari mpasuaji wa Uingereza, Bryan Brooke, alieleza njia ya kuukunja mdomo wa utumbo mwembamba ukajipindua kwa nje, mfano wa mtu anayekunja mkono wa kanzu, ili stoma ichomoze na kumimina ndani ya mfuko badala ya kutambaa juu ya ngozi. Njia hiyo ingali inatumika hadi leo. Hapo tunaona kwamba hata wapasuaji waliitazama stoma kwa kuihurumia ngozi.

Basi kipimo cha tundu ndicho nusu ya tiba. Tundu la kibandiko liizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3 tu. Na hapa ndipo wengi huteleza: baada ya operesheni stoma huwa imevimba, kisha hunywea kidogo kidogo kwa muda wa wiki 6 hadi 8. Kipimo kilichokuwa sahihi siku ya kuruhusiwa hospitalini huwa kikubwa mno mwezi unaofuata. Katika kipindi hicho stoma ipimwe kila wiki. Baadaye ipimwe tena mtu anaponenepa, anapokonda, au mwanamke anapobeba mimba. Kama hamna kadi ya kupimia, kipande cha plastiki angavu kikiwekwa juu ya stoma, ukingo wake ukachorwa kwa kalamu, kitatosha kuwa kielelezo cha kukatia. Si kila stoma ni duara kamili, nayo huchorwa kama ilivyo.

Chanzo kingine cha uvujaji ni mikunjo ya tumbo. Mtu akilala chali tumbo huwa tambarare, lakini akiketi hujikunja na kufungua njia chini ya kibandiko. Mtazameni mgonjwa akiwa amelala, ameketi na amesimama. Penye bonde, zipo pete laini na ute maalumu wa stoma wa kujazia, nao muuguzi ataonyesha unavyotumika. Tena mfuko usiachwe ukajaa. Umwagwe unapofika theluthi au, ukizidi sana, nusu, kwa sababu uzito wake huivuta gundi ikaachia.

PUPA YA KUJISAFISHA

Tumekwisha kutaja kwamba usafi ukipita kiasi hudhuru. Tueleze namna unavyodhuru.

Kila kibandiko kinapobanduliwa huondoka na tabaka jembamba la juu la ngozi. Ngozi hulirudisha tabaka hilo, lakini inahitaji muda. Kibandiko cha kawaida hukaa siku 3 hadi 4, na kwa baadhi ya watu hata wiki nzima. Anayekibandua kila siku, sembuse mara tano kwa siku, haipi ngozi nafasi ya kupona. Kinachotakiwa ni kuumwaga mfuko na kuusafisha mdomo wake, si kukiondoa kibandiko. Wenye mifuko ya vipande viwili wana nafuu zaidi, kwani mfuko huvuliwa na kuvishwa mwingine huku kibandiko kikibaki mahali pake. Hapa tunatoa sharti moja lisilovunjwa: kibandiko kinachovuja, au ngozi inayochonyota chini yake, haingoji siku yake. Kibadilishwe saa hiyo hiyo.

Kisha kuna sabuni na dawa. Maji ya uvuguvugu peke yake yanatosha kuisafisha ngozi hiyo. Sabuni yenye manukato huacha utando unaoizuia gundi kushika, na huikausha ngozi ikapasuka. Dawa za kuulia vijidudu na spiriti huiunguza. Hakuna haja ya kuifanya ngozi hiyo iwe kama kidonda kinachosafishwa hospitalini, kwani choo hupita juu ya stoma kila siku, na kukiosha kwa maji kunatosha.

Na kuna mafuta. Sisi watu wa pwani, ngozi ikiwasha mkono hukimbilia mafuta ya nazi, au mafuta ya mgando, au habasoda, au jeli ya mshubiri. Nia ni njema, lakini gundi haishiki juu ya mafuta. Kibandiko kitateleza, choo kitapenya, na ngozi iliyopakwa ili ipoe itaungua zaidi. Kadhalika tahadhari iwepo na zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa madukani kwa kila ugonjwa wa ngozi. Nyingi zina dawa ambayo, ikitumika kwa muda mrefu, huipunguza ngozi unene na kuidhoofisha.

NAMNA YA KUBADILISHA KIBANDIKO

Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kunywa chai, stoma inapokuwa haijaanza kazi. Kila kitu kiandaliwe mapema: maji ya uvuguvugu, vitambaa laini au chachi, kibandiko kipya kilichokwisha kukatwa, na mfuko wa kutupia taka.

Kibandiko cha zamani kisivutwe kwa nguvu. Anzieni juu mkishuka chini. Mkono mmoja uinue ukingo wake, na mwingine uisukume ngozi taratibu iachane na gundi. Kitambaa chenye maji husaidia. Kabla ya kukitupa, kigeuzeni mkitazame upande wake wa gundi. Mahali ambapo gundi imelika au kuchafuka ndipo choo kilipopenyea, na hapo hapo kwenye ngozi ndipo mtakapoona mchubuko. Kibandiko hicho kilichotumika kinawaambia kasoro iko wapi.

Osheni ngozi kwa maji, kisha mkaushe kwa kugusagusa bila ya kusugua. Iacheni ipate hewa dakika chache ikiwa stoma imetulia. Ngozi ikiwa kavu kabisa bandikeni kibandiko kipya, mkianzia ukingo wa stoma kwenda nje, kisha kiganja kilazwe juu yake kwa dakika chache. Joto la mkono huilainisha gundi ikashika. Mwenye nywele tumboni azipunguze kwa mkasi au mashine, kwa sababu zinapong'olewa na gundi huacha vipele vyenye usaha kwenye mashina yake. Wembe mkavu haufai.

NGOZI IKISHACHUBUKA

Familia nyingi huuliza dawa kabla ya kuuliza sababu. Sisi tunasema: tafuteni pa kuvujia kwanza. Dawa yoyote itakayowekwa juu ya ngozi ambayo choo kinaendelea kuifikia ni sawa na kudeki huku paa linavuja.

Chanzo kikishazibwa, ngozi iliyochubuka na kutoa majimaji husaidiwa na poda ya stoma. Hii si poda ya mtoto yenye manukato. Ni unga unaofyonza unyevu na kutengeneza ukoko mwembamba unaokilinda kidonda. Zamani unga wa namna hiyo ulitokana na utomvu wa karaya, wa mti unaoota India. Nyunyizeni kidogo mahali penye unyevu tu, kung'uteni iliyozidi, kisha mbandike juu yake. Poda ikiwa nyingi, au ikiwekwa juu ya ngozi kavu, gundi haitashika. Ngozi ikipona poda iachwe.

Kama kinachotoka ni chepesi mno, chakula kina nafasi yake. Wali, ndizi mbivu na viazi hukifanya kizito kidogo, na kilicho kizito hakipenyi kwa wepesi. Lakini mgonjwa asijinyime kula ili mfuko ukae mtupu. Utumbo hautulii kwa njaa, na mwili uliodhoofika hauponi ngozi.

Yako mawasho ambayo hayatokani na uvujaji. Ikiwa ngozi inawasha sana, ina unyevu, na pembeni ya eneo lililoathirika kuna vipele vidogo vidogo vilivyotawanyika, huenda ni fangasi. Fangasi hupenda joto na jasho, na huwapata zaidi wenye kisukari na waliotumia antibaiotiki. Tiba yake hutolewa na daktari, na aghalabu huwa ni ya unga ili gundi ishike. Ikiwa eneo linalowasha lina umbo lile lile la kibandiko, kama kwamba limechorwa kwa kalamu, huenda ngozi inakikataa kibandiko chenyewe, na dawa ni kujaribu cha aina nyingine. Na mwenye urostomia akiona ngozi yake imefanya vinundu vya kijivu vinavyokwaruza, ajue mkojo unaigusa. Apime tundu upya, anywe maji ya kutosha, na amwone muuguzi.

PALE MIFUKO ISIPOPATIKANA

Tutakuwa hatukutenda haki tukizungumza kana kwamba kila nyumba ina boksi la mifuko kabatini. Mifuko ni ghali, na nje ya miji mikubwa ni adimu. Zipo familia zinazoufua mfuko mmoja na kuutumia tena mpaka gundi iishe, na zipo zinazofunga vitambaa, au mifuko ya nailoni kwa kamba kiunoni. Hatuwalaumu, kwani ndicho kilichopo.

Kwa hali hiyo kanuni ya mafuta hugeuka. Tulikataza mafuta kwa sababu ya gundi. Pasipo gundi, ngozi inahitaji kizuizi kati yake na choo. Mtoto mwenye kolostomia anayevikwa kitambaa au nepi juu ya stoma hufaidika kwa kupakwa tabaka nene la marhamu ya zinki au mafuta ya mgando kuizunguka stoma, na si juu yake. Kitambaa kiwe laini cha pamba, kibadilishwe mara tu kinapochafuka, usiku na mchana, na ngozi ioshwe kwa maji kila mara. Kitambaa kilichofuliwa kisuuzwe sana mpaka sabuni iishe, kikaushwe juani. Mfuko wa nailoni usikazwe kwa kamba juu ya stoma, kwa sababu hukwaruza na kubana damu.

Hali ya mwenye ileostomia asiyekuwa na mfuko ni nzito zaidi, na vitambaa peke yake havimfai. Huyo arudi hospitalini aeleze waziwazi kuwa hana mfuko. Na hapa tunazikumbusha kamati za misikiti na vikundi vya akina mama: sadaka hununua jeneza na sanda, na inaweza pia kununua mifuko ya miezi mitatu kwa mtoto anayengoja operesheni ya pili.

TWAHARA, SWALA NA SAUMU

Tumefika kwenye jambo linalowafanya wengi wajibandue na kujisugua. Mtu husema moyoni: nitasimamaje mbele ya Mola wangu na najisi imefungwa tumboni?

Mafakihi wameizungumza kwa karne nyingi hukumu ya mwenye udhuru wa kudumu, kama vile asiyeweza kuuzuia mkojo na mwanamke mwenye damu ya istihadha. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamemwingiza mwenye stoma katika hukumu hiyo. Hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia, akaswali, na kile kinachotoka bila ya hiari yake baada ya hapo hakimzuilii swala yake. Katika madhehebu ya Shafi'i hutawadha kwa kila swala ya fardhi, na katika madhehebu ya Hanafi udhu wake humtosha kwa wakati wote wa swala hiyo. Aumwage mfuko kabla ya kutawadha ikiwa ni wepesi kwake, wala halazimiki kuing'oa ngozi yake. Kuhusu josho la fardhi na kibandiko kilicho mwilini, amwulize sheikh wake juu ya hukumu ya kupangusa juu ya bandeji, na inafaa amweleze hali yake kwa ukamilifu ili ajibiwe kwa elimu. Kwa upande wa tiba, maji ya kuogea hayaidhuru stoma, awe na mfuko au asiwe nao.

Ama saumu, mwenye ileostomia hupoteza maji na chumvi nyingi kila siku, na asifunge bila ya kushauriana na daktari wake. Mwenye kolostomia aliyezoea hali yake mara nyingi huweza kufunga, naye pia aulize. Anayefunga ataona kwamba stoma hutulia zaidi alasiri kabla ya futari, na huo ndio wakati mwepesi wa kubadilisha kibandiko katika mwezi wa Ramadhani.

Anayekwenda Hija ajue kuwa jasho hulegeza gundi, hivyo achukue vibandiko zaidi ya anavyotumia nyumbani, viwe vimekwisha kukatwa, na baadhi yake awe navyo mkononi ndani ya ndege. Nywele za tumboni azipunguze kabla ya kuhirimia, na achague vifaa visivyo na manukato.

HAKI YA MGONJWA NDANI YA NYUMBA

Mwaka 1954, huko Denmark, muuguzi aitwaye Elise Sørensen alikuwa na ndugu yake wa kike, Thora, aliyewekewa stoma. Thora alikuwa haendi popote kwa kuhofia kuvujiwa mbele za watu. Dada yake hakumwambia asubiri. Alibuni mfuko wenye gundi ya kushika ngozini, na fundi wa plastiki, Aage Louis-Hansen, akautengeneza. Mifuko mingi inayotumika duniani leo imefuata wazo hilo, lililotokana na ndugu aliyekataa kumwacha nduguye chumbani.

Katika nyumba zetu wapo akina Thora wengi. Yupo baba aliyeacha kwenda swala ya jamaa, mke anayelala chumba cha peke yake, mama wa mtoto anayekwepa harusi na hitma kwa kuogopa maneno ya majirani. Wengi wao ngozi imewaungua na hawajamwambia mtu. Mume amwulize mkewe, na mke amwulize mumewe: ngozi yako ikoje? Amsaidie kutazama mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuona, hasa akiwa na tumbo kubwa au macho dhaifu. Stiri haivunjiki kati ya wanandoa, na kwa wengine ni ruhusa ya dharura ya tiba. Akipendelea muuguzi wa jinsia yake na aombe, lakini asikae na kidonda kwa sababu amekosekana.

Watoto wa nyumbani waelezwe kwa lugha yao kuwa ndugu yao anapitisha choo tumboni kwa muda au kwa maisha, wala si uchafu wala si laana. Mtoto aliyeelezwa hamcheki mwenzake.

DALILI ZISIZOSUBIRI

Mengi tuliyoyataja hutatuliwa nyumbani na katika kliniki ya upasuaji. Lakini mgonjwa apelekwe hospitalini bila ya kuchelewa ikiwa stoma imebadilika rangi ikawa nyeusi, zambarau iliyoiva au nyeupe, ikiwa damu haikomi ingawa mmeikandamiza kwa kitambaa, au ikiwa utumbo umetoka nje zaidi ya kawaida na haurudi. Vivyo hivyo ikiwa hapatoki kitu kwa saa kadhaa huku tumbo likiuma na mtu akitapika, au ikiwa mwenye ileostomia anaharisha mno, mdomo umekauka, mkojo umepungua na kichwa kinazunguka. Kwa ngozi yenyewe, kidonda chenye shimo, chenye usaha, kinachoenea kwa haraka au kinachouma kupita kiasi si cha kutibiwa kwa poda. Na mchubuko wowote ambao haukupata nafuu ndani ya wiki moja baada ya kurekebisha kipimo cha tundu uonyeshwe kwa muuguzi au daktari. Mgonjwa aende na kibandiko kimoja alichokivua, ili waone palipolika.

Mwili ni amana, na kuutunza ni katika kuitekeleza amana hiyo. Anayeipima stoma yake, akalikata tundu kwa kipimo, akaosha kwa maji na kuiacha ngozi ipumzike, amejitwaharisha na pia amejihurumia. Tunamwomba Allah awape shifa wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza.